Mchuzi Mzito wa Nyama ya Ng'ombe kwa Moto Kidogo: Jinsi ya Kutumia Kikapu cha Joto

Mkazi wa Nyandarua hana shida ya kupata vitu vya kutia katika mchuzi. Viazi, karoti, minji, vitunguu na dania vinakuzwa hapa hapa, kuanzia Kinangop hadi Ndaragwa, na nyama ya ng'ombe inapatikana karibu katika kila kituo cha biashara. Kinachosumbua ni moto. Nyama ya mguu au ya shingo ikiwekwa jikoni inaweza kuchukua saa tatu au zaidi kabla ya kulainika, na saa hizo zote ni makaa, kuni au gesi inayolipiwa. Ndiyo maana familia nyingi hununua nyama kidogo ya steki kwa bei ya juu, au huila nyama ikiwa bado ngumu, au huacha jiko la makaa likiwaka usiku kucha ndani ya nyumba. Hili la mwisho ni hatari kubwa, kama tutakavyoeleza.

Katika makala haya tunaeleza njia ambayo maafisa wa ugani wamekuwa wakiwafundisha akina mama na vikundi vya wakulima kwa miaka mingi: kikapu cha joto, ambacho wengi wanakiita fayalesi. Chakula huchemshwa kwanza motoni, kisha sufuria huingizwa ndani ya kikapu kilichojazwa vitu vinavyozuia joto lisitoke, na nyama huendelea kuiva humo bila moto. Tutaeleza pia jiko la umeme la kupika polepole kwa wale walio nalo. Njia zote mbili zina masharti ya usalama. Tafadhali yasome yote kabla ya kujaribu.

KWA NINI NYAMA YETU HUCHELEWA KUIVA

Sababu ya kwanza iko kwenye nyama yenyewe. Sehemu za ng'ombe zinazofanya kazi nyingi, kama miguu, shingo, bega na kidari, zimeshikiliwa na nyuzi ngumu nyeupe ambazo wataalamu huziita kolajeni. Kadiri ng'ombe anavyozeeka ndivyo nyuzi hizo zinavyokaza. Katika eneo la wafugaji wa maziwa kama letu, baadhi ya nyama inayofika buchari ni ya ng'ombe waliokamuliwa kwa miaka mingi kabla ya kuchinjwa, na nyama hiyo huwa ngumu zaidi.

Kolajeni hailegezwi na moto mkali. Inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 70 hivi za Selsiasi, na inahitaji muda. Ikikaa katika joto hilo kwa saa kadhaa, huyeyuka polepole na kuwa ute laini, ule ule unaoganda juu ya supu ya mifupa ikipoa. Ute huo ndio unaoupa mchuzi uzito na ladha. Nyama ikichemshwa kwa nguvu muda wote, nyuzi zake hujikunja na kutoa maji, na unaweza kupata nyama iliyokaa motoni muda mrefu lakini ni kavu mdomoni.

Sababu ya pili ni mwinuko wa ardhi yetu. Mji wa Ol Kalou uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mombasa maji huchemka yakiwa nyuzi 100. Kwetu huchemka yakifika nyuzi 92 hivi. Ukiongeza moto, maji yatatokota kwa kelele na kukauka haraka, lakini joto lake halitapanda tena. Anayeongeza makaa ili nyama iive upesi anachoma makaa bure. Kilichobaki ni kuipa nyama muda, na kikapu kinatoa muda huo bila gharama ya moto.

Njia hii haikuanzia hapa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watu wa Uingereza walihimizwa kupika kwa sanduku lililojazwa nyasi kavu ili kuokoa mafuta na makaa ya mawe. Hesabu ya nyumbani ni ile ile hadi leo: kikapu cha joto hakitengenezi joto lolote, kinatunza tu lile ulilokwisha kulilipia.

KUTENGENEZA KIKAPU

Huhitaji kununua vitu vipya. Tafuta vifaa vifuatavyo:

1. Kikapu kikubwa chenye mdomo mpana, tenga, au sanduku la mbao. Kiwe kikubwa kuliko sufuria yako kiasi kwamba pande zote na chini inabaki nafasi ya sentimita 10 au zaidi, yaani upana wa kiganja cha mtu mzima.

2. Vitu vya kujaza: blanketi kuukuu, sweta za sufu zilizochakaa, vipande vya sponji ya godoro, au nyasi kavu zilizokaushwa vizuri juani. Vitu hivi huzuia joto kwa sababu vina hewa iliyonaswa ndani yake. Kwa hiyo vijaze vikae imara, lakini usivishindilie hadi viwe kama ubao.

3. Kitambaa safi cha kufunika vitu hivyo, kinachoweza kutolewa na kufuliwa. Chini yake weka kipande cha turubai ili mvuke na mchuzi unaomwagika visilowanishe vitu vya kujaza. Usitegemee mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwani ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017.

4. Mto wa kufunikia juu, uliojazwa vitu vile vile, wenye unene wa sentimita 10 au zaidi, na unaoziba mdomo wote wa kikapu. Joto jingi hupotelea juu, kwa hiyo mto mwembamba unaharibu kazi yote.

Tengeneza shimo katikati kwa kutumia sufuria yenyewe kama kipimo, ili ikiingia ikae imebanwa. Sufuria ndogo ndani ya shimo kubwa hupoa haraka.

Kabla ya kuweka nyama, kijaribu kikapu kwa maji. Jaza sufuria maji, yachemshe, yafunike, yaweke kikapuni na uyaache saa tano bila kufungua. Ukifungua, mvuke unapaswa kupanda, na ukigusa ubavu wa sufuria uutoe mkono mara moja kwa sababu ya moto. Kama una kipimajoto, joto lisiwe chini ya nyuzi 60. Maji yakiwa vuguvugu, ongeza vitu vya kujaza au fanya mto uwe mnene zaidi, kisha ujaribu tena. Jaribio hili lina uzito wa pekee kwetu, kwa sababu sufuria ya Nyandarua huingia kikapuni ikiwa na nyuzi nane hivi pungufu ya sufuria ya Mombasa, na nje kuna baridi zaidi. Kikapu kinachomtosha mtu wa Pwani huenda kisikutoshe wewe.

KUCHAGUA NYAMA

Kwa kikapu, usinunue steki. Steki haina kolajeni nyingi na itakauka. Omba nyama ya mguu, shingo, bega, kidari au mkia, na usikatae mifupa michache yenye uboho. Hizi ndizo sehemu zinazopendeza zaidi zikipikwa polepole.

Kabla ya kulipa, tazama mhuri wa mkaguzi wa nyama. Machinjio ya kaunti na udhibiti wa magonjwa ya mifugo ni miongoni mwa majukumu ambayo Katiba ya mwaka 2010 iliyakabidhi serikali za kaunti, na mhuri ule ndio unaokuonyesha kwamba nyama ilikaguliwa. Usinunue nyama ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe au aliyechinjwa akiwa mgonjwa, hata kama bei ni ya kuvutia na muuzaji ni jirani. Ugonjwa wa kimeta huua watu, na vijidudu vyake vina ganda gumu linaloweza kustahimili kuchemshwa. Hakuna upishi, uwe wa haraka au wa polepole, unaoifanya nyama hiyo kuwa salama.

MAPISHI YA MCHUZI

Kipimo hiki kinatosha watu sita hadi wanane, na kinafaa sufuria ya lita 3 au 4 yenye mfuniko unaokaa vizuri.

Utahitaji:
- Nyama ya ng'ombe kilo 1, ya mguu au shingo, iliyokatwa vipande vya sentimita 3
- Vitunguu maji 2 vikubwa
- Vitunguu saumu punje 4 na tangawizi kipande cha kidole gumba, vilivyopondwa
- Nyanya 3 zilizoiva
- Karoti 3, zilizokatwa vipande vyembamba
- Viazi 5 vya wastani
- Minji kikombe 1, kama ni msimu wake
- Mafuta ya kupikia vijiko 3 vya mezani
- Unga wa ngano kijiko 1 cha mezani
- Bizari ya mchuzi kijiko 1 cha chai, chumvi kiasi, na dania
- Maji ya moto lita 1 na robo

Hatua ya kwanza: kausha na kukaanga. Futa maji kwenye nyama. Pasha mafuta, kaanga nyama kidogo kidogo hadi igeuke rangi ya hudhurungi, kisha uitoe. Ukiijaza yote kwa pamoja itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Fanya hivi kwa uangalifu, kwa sababu ndani ya kikapu hakuna joto la kutosha kubadilisha rangi ya nyama. Ladha ya kukaanga usipoipata sasa hutaipata baadaye.

Hatua ya pili: viungo. Katika mafuta yale yale kaanga vitunguu hadi vilainike, tia saumu na tangawizi, kisha unga wa ngano na bizari, ukoroge dakika moja. Tia nyanya na uzipike hadi ziive na kuvunjika.

Hatua ya tatu: chemsha. Rudisha nyama, tia karoti, chumvi na maji ya moto. Maji yafunike nyama tu. Ukizoea kupika kwenye jiko la kawaida, kiasi hiki kitaonekana kidogo, lakini ndani ya kikapu maji hayakauki. Ukijaza maji mengi utapata supu, hutapata mchuzi mzito. Funika na uache sufuria itokote kwa dakika 30 kamili, ukihesabu kuanzia mchuzi unapoanza kutokota. Muda huu ndio unaopeleka joto hadi katikati ya kila kipande cha nyama. Usiupunguze.

Hatua ya nne: kikapuni. Andaa kikapu karibu, kikiwa wazi, kabla ya kuepua sufuria. Hakikisha hakuna kaa la moto lililonasa chini ya sufuria, kwa maana linaweza kuwasha nguo zilizo ndani. Usifunue mfuniko. Toa sufuria motoni ikiwa bado inatokota, iingize kikapuni, funika kwa mto na uubane. Kazi hii isichukue zaidi ya dakika moja. Weka kikapu mahali pasipo na upepo, mbali na moto na mbali na watoto. Acha kwa saa nne hadi tano.

Hatua ya tano: viazi na kuchemsha mara ya pili. Toa sufuria na uirudishe motoni. Ikianza kutokota, tia viazi vilivyokatwa na minji, upike dakika 15 hadi 20 hadi viive. Malizia kwa dania, kisha pakua na ugali, chapati au wali.

Huenda ukajiuliza kwa nini viazi havikuwekwa tangu mwanzo. Kuna sababu mbili. Shangi, ambayo ndiyo aina ya viazi inayolimwa na wengi hapa, huiva haraka na huvurugika ikikaa muda mrefu katika mchuzi. Ya pili ni kwamba mboga hazilainiki kama nyama: nyama hulegea katika joto la nyuzi 70 na kitu, lakini viazi na karoti huhitaji joto la juu zaidi, karibu na la maji yanayochemka. Ndiyo sababu karoti zilikatwa nyembamba na kuchemshwa pamoja na nyama, na viazi vikangojea mwisho. Na kwa kuwa mchuzi ni lazima uchemshwe tena kabla ya kuliwa, viazi vinaivia katika moto huo huo.

Ukijumlisha, sufuria imekaa motoni kwa saa moja na robo hivi, badala ya saa tatu au zaidi. Anayetumia makaa ataokoa zaidi akipanga vizuri: kuchemsha kwa kwanza kufanyike jiko likiwa tayari limewashwa kwa ajili ya chai ya asubuhi, na kwa pili jiko likiwashwa kwa ajili ya ugali wa mchana. Siku ya ibada au ya soko, sufuria inaweza kuingia kikapuni saa mbili asubuhi, na familia ikirudi saa saba mchana inakuta nyama imelainika.

MASHARTI YA USALAMA

Kikapu kinachotunza joto vizuri hupika chakula. Kikapu kinachotunza joto vibaya hukuza vijidudu, kwa sababu vijidudu vinavyosababisha kuhara na kutapika huongezeka katika chakula chenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60. Kwa hiyo zingatia haya:

Sufuria ijae. Jaza angalau theluthi mbili. Chakula kingi hutunza joto muda mrefu, na chakula kidogo hupoa haraka. Ukipika nusu kilo, tumia sufuria ndogo zaidi na uongeze vitu vya kujaza kuizunguka.

Usifungue kuchungulia. Kila unapofungua, mvuke na joto hutoka, wala hakuna moto wa kurudisha kilichopotea. Ukilazimika kufungua, rudisha sufuria motoni itokote tena kabla ya kuendelea.

Usipitishe saa sita. Mtu anayetoka nyumbani saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni asiache nyama kikapuni, isipokuwa kuna mtu mzima nyumbani wa kuitoa kwa wakati.

Chemsha tena kabla ya kula. Mchuzi utokote kote, si pembeni tu. Lakini kumbuka kwamba kuchemsha si tiba ya kila kitu. Ukifungua kikapu ukakuta mchuzi ni vuguvugu, usijaribu kuuokoa. Baadhi ya vijidudu hutoa sumu isiyoharibiwa na kuchemshwa, na huwezi kuitambua kwa harufu wala kwa ladha. Mwaga. Kilo moja ya nyama inauma kuitupa, lakini familia nzima kuugua ni gharama kubwa zaidi, hasa kwa mtoto mdogo, mama mjamzito au mzee.

Kikapu si ghala. Chakula kilichobaki kisirudishwe kikapuni kukaa hadi kesho. Kitie katika vyombo vipana vifupi kipoe upesi, kisha kiweke kwenye friji ndani ya saa mbili. Kama huna friji, pika kinachotosha mlo mmoja. Usidanganywe na baridi yetu ya usiku, kwani sufuria iliyojaa hukaa vuguvugu kwa saa nyingi hata nje kukiwa na umande wa barafu.

Maharagwe yana sharti lake. Wengi wakishaona kikapu kinafanya kazi hutaka kupikia maharagwe na githeri. Inawezekana, lakini maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili inayosababisha kutapika, na joto la wastani haliiondoi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa nguvu dakika 30 kabla ya kuyaweka kikapuni. Sharti hili linahusu pia jiko la umeme la kupika polepole.

JIKO LA MAKAA NDANI YA NYUMBA

Tulisema mwanzoni kwamba baadhi ya familia huacha nyama, mifupa au githeri juu ya jiko la makaa usiku kucha, na jiko hilo hilo huwapasha joto waliolala. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na mtu aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Dirisha dogo lililoachwa wazi si hakikisho. Anayeumwa na kichwa, kusikia kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko la makaa atoke nje mara moja na apelekwe hospitalini.

Kama sababu ya kuacha jiko likiwaka ni nyama ngumu au githeri, kikapu kinaiondoa sababu hiyo. Chakula kipikwe mchana, kiishie kikapuni, kichemshwe tena na kuliwa jioni, na jiko lizimwe na litolewe nje kabla ya watu kulala.

WENYE JIKO LA UMEME LA KUPIKA POLEPOLE

Chombo hiki ni chungu kizito kilichowekwa ndani ya kikanza cha umeme chenye nguvu ndogo. Mapishi ni yale yale, ila nyama iliyokaangwa na viungo vyake huhamishiwa kwenye chungu baada ya kuchemka. Katika moto wa juu mchuzi huchukua saa nne hadi tano, na katika moto wa chini saa nane hivi. Jiko la wati 200 likiwaka saa nane hutumia yuniti 1.6 za stima, na unaweza kulinganisha hesabu hiyo na bei ya tokeni zako. Nguvu ya jiko lako imeandikwa chini yake.

Tofauti yake na kikapu ni kwamba linaendelea kuongeza joto, kwa hiyo linamfaa anayeshinda kazini. Lakini usitie nyama iliyoganda kwa barafu, maana itakaa muda mrefu katika joto la kukuza vijidudu. Jambo lingine ni kupotea kwa stima. Ikiwa ulikuwepo, umeona stima imepotea na mchuzi bado ni wa moto sana, uhamishie motoni au kikapuni baada ya kuuchemsha. Ikiwa hukuwepo na hujui ilipotea kwa muda gani, usile.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Nyama imetoka kikapuni ikiwa bado ngumu. Nifanye nini?
Kama mchuzi ulikuwa wa moto sana ulipofungua, hakuna kilichoharibika. Chemsha dakika 15, urudishe kikapuni saa mbili zaidi, kisha utie viazi. Wakati mwingine ongeza muda wa kuchemsha mwanzoni hadi dakika 45, hasa kwa nyama ya ng'ombe mzee.

Mchuzi umekuwa mwepesi. Je?
Wakati viazi vinaiva, acha sufuria bila mfuniko. Unaweza pia kuponda vipande viwili vya kiazi ndani ya mchuzi. Wakati mwingine punguza maji.

Je, sufuria nyembamba ya alumini inafaa?
Inafaa. Joto linatunzwa na wingi wa chakula na vitu vilivyoizunguka. Kilicho muhimu ni mfuniko usiopinda.

Mbona nisitumie presha kuka?
Ukiwa nayo, itumie. Presha hupandisha joto la kuchemka, na katika mwinuko wetu hiyo ni faida kubwa. Kikapu ni kwa ajili ya yule ambaye hana presha kuka, au anayetaka chakula kiendelee kuiva akiwa shambani.

Vitu vya kujaza vinatunzwaje?
Anika juani kila baada ya matumizi na ufue kitambaa cha juu. Kitu chenye unyevu hakitunzi joto, na huota ukungu. Nyasi zibadilishwe zikianza kunuka.

MWITO KWA WAKAZI

Anza na jaribio la maji wiki hii. Likifaulu, pika mchuzi wa kwanza siku ambayo utakuwa nyumbani, ili uone kikapu chako kinashika joto kwa muda gani. Pima pia makaa au gesi unayotumia mwezi mmoja kabla na mwezi mmoja baada ya kuanza, upate hesabu ya nyumba yako mwenyewe.

Vikundi vinavyotaka kuonyeshwa jinsi ya kutengeneza kikapu vinaweza kumwuliza afisa wa kilimo wa wadi yao. Ukiona nyama inauzwa bila mhuri, au mnyama aliyekufa mwenyewe anachunwa kwa ajili ya kuuzwa, mjulishe afisa wa mifugo aliye karibu nawe bila kuchelewa. Usimguse mnyama huyo wala usikubali apasuliwe.